Balbu Nyekundu ya Mzee wa Giza

Ukimsalimia "sasa," alikujibu "sasa nini?" Ukimwambia "habari ya asubuhi," alitazama saa kwanza ahakikishe kweli ni asubuhi. Nilifanya kazi chini yake miaka sita katika kampuni ya miche kule Ruiru, na sikumbuki hata siku moja aliyopokea salamu bila kuichunguza. Wafanyakazi tulimwita Mzee wa Giza kwa sababu chumba cha giza kilikuwa chake. Jina lake halisi limo kwenye mafaili ya kampuni, na liendelee kukaa humo.

Naandika haya kwa sababu ya faili moja kati ya hayo. Mwezi huu ofisi imeniuliza kuhusu Wafula, aliyefukuzwa kazi katika chumba hicho miaka kadhaa iliyopita kwa neno la Mzee. Sasa Wafula ana kitalu chake Kiganjo, kule Thika, na ameomba awe anatuuzia miche. Faili lake linasema si mwaminifu. Kwa kuwa siku hizi mimi ndiye msimamizi wa chumba cha giza, kalamu imeniangukia mimi: niseme neno hilo libaki au lifutwe. Miaka hiyo yote niliamini jambo moja tu, kwamba Mzee alijua Wafula hana hatia na akanyamaza. Nilimchukia kwa hilo, na sikuficha.

Chumba chenyewe hakikuwa kikubwa. Kuta zilipakwa rangi nyeusi, na mlangoni kulikuwa na mapazia mawili mazito. Uliingia, ukafunga mlango nyuma yako, ukasubiri kidogo, ndipo ukapita pazia la pili. Kila mbegu mpya iliyoletwa kampuni ilioteshwa humo kwanza, kwenye trei, ili tuone inaota kwa nguvu na kwa usawa. Miche inayoota gizani huwa myeupe, mirefu, na imenyooka wima. Taa iliyoruhusiwa ilikuwa moja tu, balbu nyekundu iliyofungwa ukutani kando ya mlango, na iliwashwa wakati wa kumwagilia maji na kukagua tu.

Siku yangu ya kwanza nilimuuliza kwa nini nyekundu. Wafula, aliyeanza kazi wiki hiyohiyo, alikuwa amesimama karibu yangu. Mzee alituangalia kwanza mmoja mmoja, aone kama swali lilikuwa na jambo nyuma yake. Ulimi wake ulibadilisha l na r ulivyopenda, kwa hiyo buluu ilitoka buruu na balbu ilitoka barubu.

"Nyinyi mnadhani mche haina macho," alisema. "Iko nayo. Lakini si mawili kama yako. Iko kwa hizi seli za hapa kwa ncha, zote. Ni protini. Hiyo protini imeshika kitu kidogo ya vitamini, ile iko kwa maziwa na mayai. Mwanga ya buruu ikigusa hiyo kitu, protini inashtuka, inageuka umbo. Ikishtuka inaamsha zingine. Halafu homoni ya kukua inahama, inaenda ule upande wa giza. Upande wa giza unarefuka, huu wa mwanga unabaki vile ulikuwa. Sasa mche itaenda wapi?"

"Itainama," Wafula alijibu.

"Itainama wapi?"

"Kwa mwanga."

"Eeh. Na nyekundu?"

Wafula alitazama balbu ukutani.

"Nyekundu hiyo protini haioni. Ukisimama na taa nyekundu mbele yake, ni kama hujaingia."

Baadaye nilikuja kujua kwamba protini za namna hiyo ndizo pia zinazoamsha majani asubuhi, zikayaambia yafungue vinywa vyake vidogo yavute hewa, na kwamba karibu kila kiumbe kina zake za kusoma mwanga. Mzee alipenda sana habari hiyo. Nadhani ilimliwaza kujua kwamba hata seli moja, isiyo na kichwa wala miguu, inakesha ikiangalia nani anakuja.

Maana yeye ndivyo alivyoishi. Jioni kabla ya kufunga alinyunyiza unga kidogo wa mahindi mbele ya mlango wa chumba chake, na asubuhi aliinama kutazama kama kuna alama ya kiatu. Kila kimashine chenye kitaa cha buluu, hata kile cha intaneti kule ofisini ambacho hakikuwa chake, alikibandika utepe mweusi. Alihesabu glavu zilizotumika, si mpya, zile za kutupwa. Akikuuliza jambo saa tatu, alikuuliza tena saa tano kwa maneno mengine, kisha akalinganisha majibu. Wafula alizoea akawa anamjibu, "Mzee, hiyo umeniuliza asubuhi na nikapita mtihani."

Maziwa alibeba kutoka nyumbani, kwenye mkebe uliofungwa kwa karatasi nyeusi. Nilidhani ni hofu ya kurogwa. Siku moja nikamchokoza mbele ya watu kwenye chumba cha chai, nikamwambia hakuna mtu Ruiru mwenye haja na maziwa yake. Hakucheka. Alinieleza kwamba ile vitamini ya kwenye maziwa, ndugu wa ile inayoshikwa na protini za mche, huharibiwa na mwanga, na kwamba anayeuza maziwa kwenye chupa inayoonyesha ndani anakuuzia maji meupe. Kisha akauliza nani aliyenituma nimuulize.

Ungedhani mtu kama huyo hana huruma. Nilipojifungua binti yangu, Njeri, nikarudi kazini akiwa na miezi miwili, Mzee aliniambia niwe naondoka saa nane kwenda kumnyonyesha, na ofisini hakusema neno. Hilo ni jambo ambalo msimamizi angeweza kulilipia kwa kazi yake. Lakini kesho yake asubuhi aliniuliza, "Jana mtoto alilalia upande gani?" Nilipojibu wa kushoto, aliitikia kwa kichwa kana kwamba ameandika mahali. Saa tano akaniuliza, "Mtoto hupenda kulalia wapi?" Nilicheka mpaka nikakaa chini. Hiyo ndiyo huruma yake ilivyokuwa, ilikuja na mahojiano.

Na alikuwa na jambo jingine la kunishangaza. Mtu asiyeamini mke, mchungaji wala kipimajoto, aliiamini miche bila kuuliza swali hata moja. Tukibishana kama trei fulani imemwagiliwa, alisema, "Uliza mche." Mtu akijitetea kwamba hakugusa kitu, "Uliza mche." Alikuwa akipiga magoti mbele ya trei, akafumba jicho moja, akatazama mistari ile myeupe ilivyosimama. Alikuwa anasoma ushahidi, na ushahidi huo haukuwa na rufaa.

Mimi alinipa kazi ya stoo kwa sababu ndogo sana. Aliona nimeandika jina langu kwenye daftari la mahudhurio, akaniita. "Mwandiko wako ni mzuri," alisema. "Andika." Tangu siku hiyo kila kilichonunuliwa nilikiandika jina na rangi kwenye boksi lake kwa kalamu nene: gundi, glavu, utepe, betri, balbu. Kwa sababu nilikaa mtaa wa Kamenu, Thika, hatua chache kutoka kwake, Jumamosi nikitoka kazini alinituma nipitie maduka ya vifaa vya umeme Thika mjini nilete kilichokwisha. Nilijisikia mkubwa. Mtu ambaye hamwamini mtu alikuwa ameniachia stoo yake nzima, na niliringa nayo.

Sasa habari ya Wafula. Alitoka Magharibi, mtu mrefu, mpole, mwenye mke na watoto wawili katika chumba cha kupanga kule Kiganjo. Kanisani aliimba sauti ya chini. Ndiye pekee aliyeweza kumtania Mzee na Mzee akavumilia. Namjua Wafula kama mtu ambaye aliwahi kurudi kutoka getini kwa sababu alikuta amesahau kalamu ya kampuni mfukoni.

Wakati huo kulikuwa na mbegu mpya za nyanya chumbani, ambazo mwenye kampuni alizilinda kuliko watoto wake. Kulikuwa na minong'ono kwamba washindani wanazitafuta. Tulikatazwa hata kuzitaja kwenye chumba cha chai. Kwa Mzee hiyo ilikuwa sikukuu, maana kwa mara ya kwanza kampuni nzima ilikuwa inafikiri anavyofikiri yeye.

Jumatatu moja Wafula alikuwa na zamu ya kumwagilia saa kumi na mbili asubuhi. Ufunguo ulikuwa naye peke yake. Saa tatu Mzee aliingia na mimi nikimfuata na daftari. Aliwasha balbu, akapiga magoti, akafumba jicho, na hakuinuka. Nilidhani mgongo umemshika. Kisha nikaona mwenyewe. Miche yote ya nyanya, trei sita, ilikuwa imeinama. Ilikuwa imeinamia upande mmoja, na upande wenyewe ulikuwa wa mlango.

"Mwite Wafula," aliniambia.

Wafula alikuja akijifuta mikono.

"Ulifungua mlango saa ngapi?"

"Kumi na mbili, Mzee. Nikafunga, nikapita pazia, nikawasha ile nyekundu, nikamwaga maji. Nusu saa hivi."

"Nani alikuja ukiwa ndani?"

"Hakuna mtu."

"Uliacha mlango wazi ukienda wapi?"

"Sijaacha mlango, Mzee. Haki ya Mungu."

Mzee alinyoosha kidole kwenye trei. "Uliza mche," alisema, na nakumbuka sauti yake haikuwa na ukali wowote. Ilikuwa na masikitiko. Hesabu yake ilikuwa rahisi: nyekundu haiwezi kuinamisha mche, kwa hiyo mwanga wa nje uliingia, kwa hiyo mlango ulikaa wazi, kwa hiyo aliingia mtu wa kuiba mbegu na Wafula anamficha. Ofisi haikuhitaji zaidi ya hapo. Kufika saa sita Wafula alikuwa getini na mfuko wa nguo zake za kazi.

Alinitazama akipita. "Wairimu, si uwaambie," aliniambia. "Wewe unanijua."

Sikuwaambia. Nilikuwa na mtoto wa miezi minne na mama yangu aliyekuwa akitoka hospitali kuingia hospitali, na niliogopa. Nasema wazi kwamba niliogopa. Hofu hiyo niliigeuza hasira, na hasira nikaielekeza kwa Mzee, kwa sababu yeye ndiye aliyenyoosha kidole. Kama mtu anaweza kumfukuza Wafula kwa ushahidi wa nyanya, nilijiambia, basi huyu si mtu wa kuheshimiwa tena. Nikaanza kumchunguza alivyotuchunguza. Alikuwa amenifundisha vizuri.

Na kweli niliyaona mambo. Wiki tatu baada ya Wafula kuondoka, Mzee aliitoa balbu ya chumbani kwa mkono wake na kuweka nyingine. Nilipomuuliza ile imeenda wapi, nilihitaji kuandika kwenye daftari la stoo, aliniambia imeungua. Niliitafuta kwenye takataka na sikuiona. Tangu hapo akawa ananunua balbu yeye mwenyewe, akaniondolea kazi hiyo bila kueleza. Lile neno lake la kuuliza mche likapotea. Watu walibishana mbele yake kuhusu maji na joto, naye akawa anatazama mikono yake. Nikajua kuna kitu anaficha, na kwa kuwa nilikuwa nimeshaamua ni mtu wa aina gani, nikajua ni kitu kibaya: anajua Wafula hana hatia, na amenyamaza.

Kisha ikaja Jumapili nilipokwenda Kiganjo kumwona dada yangu. Kwenye njia nyembamba nyuma ya shule, karibu kabisa na ploti ya vyumba vya kupanga aliyokaa Wafula, nilimkuta Mzee wa Giza amebeba trei iliyofunikwa karatasi nyeusi. Aliniona, akataka kupinda kona, lakini kona haikuwepo.

"Mzee, habari ya kanisa? Unapeleka wapi hiyo?"

"Mahali."

"Ni miche?"

"Nani amekuambia ni miche?"

Akapita. Nilimwona tena mwezi uliofuata, na mwezi mwingine tena, kila mara na trei. Ngai, Mungu anisamehe, nilifurahi, sitadanganya. Nilikuwa nimempata. Mtu aliyemwita mwenzake mwizi alikuwa anabeba miche ya kampuni Jumapili kwenda kuiuza mitaani, tena palepale anapokaa aliyemfukuza. Sikwenda ofisini, kwa sababu sikuwa na ushahidi. Nilifanya jambo baya kuliko hilo, nililisema kwenye chumba cha chai. Nilisema mara moja tu, na likajitembeza lenyewe.

Mzee alipofika umri wa kustaafu, mwaka uliofuata, hakuna aliyemwandalia chai ya kuagana. Wengine wote walipewa keki, soda na hotuba, hata dereva aliyegonga geti mara mbili. Yeye alirudisha ufunguo, akatusomea mara mbili orodha ya vitu alivyokuwa anaviacha, akachukua mkebe wake wa maziwa, akaenda zake. Nilisimama dirishani nikaona anavyokwenda. Nilijiambia amevuna alichopanda na nikarudi kazini.

Jumamosi iliyopita, saa tisa alasiri, nilikwenda kwake. Anakaa Kamenu, hatua chache kutoka kwangu, na miaka yote hiyo nilikuwa nazunguka barabara nyingine nisipite mlangoni kwake. Kwenye mkoba nilikuwa na karatasi ya ofisi kuhusu Wafula, ile yenye nafasi tupu ya maelezo. Nilitaka Mzee aseme kwa kinywa chake kwamba alijua, kisha atie sahihi.

Mke wake alinifungulia. "Karibu, mami. Ni wa kanisa?"

"Nilifanya kazi na Mzee."

"Kweli?" Alinitazama kwa mshangao uliokuwa na uchungu. "Wa kazini hawajawahi kuja."

Mzee alikuwa kwenye kiti karibu na dirisha. Amekonda, na macho yamepata ukungu. Dirishani kulikuwa na vikopo vya miche ya sukuma wiki, na alipokuwa anaongea na mke wake mkono wake ulikwenda wenyewe kwenye vikopo na kuvizungusha kimoja kimoja, ili isizoee upande mmoja.

"Nani huyo?"

"Ni Wairimu, Mzee. Wa stoo."

"Wairimu wa stoo mtoto wake anaitwa nani?"

"Njeri."

"Yuko darasa gani?"

Nilimwambia. Aliitikia kwa kichwa, nikajua baada ya muda kidogo ataniuliza tena. Chai ilipokuja alimwambia mke wake aimimine pale pale mbele yetu. Sikuwa na subira ya mambo hayo.

"Nimekuja kukuuliza kitu moja," nilisema. "Wafula. Ulijua hana makosa?"

"Lini?"

"Siku ile."

"Siku ile sikujua." Alizungusha kikopo. "Nilijua wiki tatu baadaye."

Niliweka kikombe chini. Nilikuwa nimesubiri jibu hilo miaka mingi, na nilipolipata sikuona raha yoyote.

"Na ukanyamaza."

"Kwa ofisi nilinyamaza. Kwa Wafula sikunyamaza." Akanigeuzia uso. "Baada ya yeye kutoka, zile trei zilitupwa, tukapanda zingine. Zilipoota, nilisema hakuna mtu atamwagilia ile nyanya isipokuwa mimi. Naingia kumi na mbili, nafunga mlango, nawasha barubu, namwaga maji. Hakuna mtu. Saa tatu naenda kuangalia. Zimeinama zote, zinaniangalia mlangoni. Nikajiuliza, kwani mwizi ni mimi?"

Hakutabasamu. Alimwita mke wake, akamwambia alete boksi la juu ya kabati na ile sidii ya nyimbo. Mke wake alileta boksi la viatu na sidii ya kwaya iliyokwaruzika. Kutoka kwenye boksi Mzee alitoa balbu, akaipapasa, akaifunga kwenye taa ya mezani, na kuniambia nivute pazia. Chumba kikawa giza, kisha akawasha.

"Hiyo ni rangi gani?"

"Nyekundu," nilisema.

"Angalia vizuri."

"Ni nyekundu, Mzee. Imeenda pinki kidogo. Kama maji ya bitiruti."

"Sasa shika hiyo sidii. Igeuze pole pole mpaka uone taa ndani yake. Mimi sioni tena, angalia wewe."

Niliishika, nikaigeuza. Mwanga ulipasuka juu ya sidii ukawa mistari. Mmoja ulikuwa mwekundu, mpana, kama nilivyotarajia. Kisha pakawa na nafasi ya giza. Na baada ya nafasi hiyo palikuwa na mstari mwembamba, mkali, wa buluu kama moto wa gesi. Nilifunga macho nikafungua tena. Ulikuwa palepale.

"Umeona buruu?"

"Nimeona."

"Hii ni barubu ya kukuzia maua. Wanachanganya nyekundu na buruu, macho ya mtu yanaona moja tu. Macho ya mche hayachanganyi. Nyekundu haioni, buruu inaiona hata ikiwa kidogo namna hii. Na mimi nilikuwa nimeifunga kando ya mlango." Akazima. "Niliangalia kila mtu kwa hiyo kampuni. Sikuangalia barubu."

Nilifungua pazia. Nilikuwa na hasira bado, lakini sasa ilikuwa inatafuta pa kukaa. Nilimuuliza alimwambia Wafula nini.

"Nilienda Kiganjo nikamwambia ni kosa langu. Nikamwambia nitaenda ofisi wamrudishe. Akakataa. Alisema hawezi kurudi mahali ameitwa mwizi mbele ya watu. Akaniambia kama nataka kusaidia, nimfundishe kuotesha. Basi nikawa naotesha hapa nyuma ya nyumba, nampelekea Jumapili."

Trei zile zilitoka nyuma ya nyumba yake.

"Kwa nini basi hukuandika kwa faili?" niliuliza. "Hata kama hakutaka kurudi. Jina lake limekaa hivyo miaka yote."

Mkono wa Mzee uliingia tena kwenye boksi la viatu, ukatoa boksi dogo la karatasi, lile la balbu yenyewe, limebonyea pembe. Akaninyooshea.

Juu yake, kwa kalamu nene, palikuwa pameandikwa NYEKUNDU. Mkia wa Y ulikuwa mrefu, umepinda kushoto, kama ninavyouandika mpaka leo.

Ndipo nikakumbuka. Jumamosi, kabla ya Jumatatu ile, balbu ya zamani ilikuwa imeungua, na Mzee alinituma mjini nilete nyingine nyekundu. Muuzaji aliniwashia moja, akaniambia, "Hii ni ya mimea kabisa, madam." Nilifurahi kwamba nimepata ya mimea hasa, nikaona Mzee atanisifu. Zambarau ni neno la vitabuni; kule kwetu kuna nyekundu, pinki na maruni, na chochote kinachokaribia nyekundu ni nyekundu tu. Niliandika boksi jioni hiyo hiyo, nikampelekea na fahari yangu yote.

"Nilimwambia Wafula ni mimi nilinunua," Mzee alisema. "Kwa ofisi hawangekubali hiyo. Wangeuliza karatasi ya duka, na karatasi ilikuwa na jina lako. Ulikuwa na mtoto wa miezi minne, na mama yako mgonjwa. Wangekutoa siku hiyo hiyo. Nikaona nimepoteza mmoja, nisipoteze wawili." Akafunika boksi la viatu. "Lakini jina la Wafula nililiacha kwa matope. Hapo nilikosa. Usiniambie sikukosa."

Sikumwambia hivyo. Nililia, na nililia vibaya, mbele ya mke wake aliyekuwa amesimama mlangoni na birika. Nilimwambia kwamba mimi ndiye niliyesema kwenye chumba cha chai kwamba anaiba miche.

"Najua," alisema. "Mtu anabeba trei Jumapili, amefunika, ukimuuliza anasema mahali. Hata mimi ningesema ni mwizi."

Nikatoa karatasi ya ofisi kwenye mkoba, nikamweleza Wafula ameomba nini na mimi nimeulizwa nini. Nilimwambia kwamba nikiandika ukweli itabidi niandike na jina langu, na kwamba sijui watanifanya nini. Alisikiliza mpaka mwisho bila kuuliza jambo hata moja, na hilo lilinitisha kuliko maswali yake yote. Kisha akapapasa meza, akapata kalamu, akaisukuma upande wangu.

"Andika," alisema. "Mwandiko wako ni mzuri."

Niliandika. Nilipomaliza aliniomba nimsomee, nikasoma. Akaniuliza Njeri yuko darasa gani. Nikamwambia. Akaitikia kwa kichwa, akaniomba nisome tena tangu mwanzo, na mara hiyo ya pili nilipofika kwenye jina langu niliiweka karatasi chini.

"Endelea," Mzee alisema. "Hapo ndipo nilitaka kusikia."